Wasifu wa Marehemu Pawasaplai

Ndugu waombolezaji, naomba mketi. Nimepewa heshima ya kuwasomea wasifu wa marehemu Pawasaplai, aliyefariki jana saa tano asubuhi umeme uliporudi. Sikusema ulipokatika. Kukatika alikuzoea tangu utotoni. Kilichommaliza ni kurudi.

Marehemu alizaliwa kiwandani, ng'ambo, akafika Kariakoo ndani ya boksi jepesi, kifuani kabandikwa cheo cha wati 500. Alikuwa mwepesi mno kwa cheo hicho. Siku alipofunguliwa, ilionekana bodi yake imechorwa vizuri mahali pa koili na kapasita za kuchuja umeme, lakini vitu vyenyewe havikuwepo; palipotakiwa koili pamechomelewa kipande cha waya. Wenye chuki wanasema huo ni wizi. Mimi nasema ni kujinyima. Nitajieni mkubwa mwingine aliyepewa cheo cha 500 na vitendea kazi vya nusu yake, akaripoti kazini kila siku bila kudai posho.

Kazi aliyopewa haikuwa ya kujionyesha. Alikaa kona ya nyuma ya lile boksi ambalo wote tunaliita CPU, uso umegeuziwa ukuta. Alipokea volti 230 za mkondo geu, akazinyoosha zikawa kama volti 325, akazikatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, akazishusha hadi 12, 5 na 3.3, ndipo akawalisha wakubwa: prosesa, mazabodi, diski. Mnunuzi akifika dukani anauliza prosesa ni ipi na ramu ni ngapi. Sijasikia aliyeuliza hali ya pawasaplai akiwa bado anapumua.

Naye hakuona uchungu. Alipoanza kuugua, mashine ikawa inajizima na kujiwasha katikati ya kazi. Wote tukasema ni virusi, akanyamaza. Ikapigwa Windows upya, fedha ikalipwa, ugonjwa ukarudi Jumatatu. Ramu ikachomolewa na kusuguliwa kwa kifutio cha penseli. Bado kimya. Mwishowe fundi akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi, feni ikazunguka, fundi akatangaza, "Huyu mzima." Kuzungusha feni si kazi, kazi ni kumbeba prosesa aliyeshughulika. Lakini marehemu aliiacha sifa hiyo isimame, kwa kumheshimu fundi mbele ya mteja wake.

Sasa niingie kwenye sababu za kifo, na nitakaa hapo kidogo, maana kila sababu ni sifa.

Ya kwanza ni joto. Ndani yake kuna kapasita zenye majimaji, na majimaji hayo hukauka. Kapasita iliyoandikwa nyuzi 105 na saa 2,000 inakuahidi kwamba, ikikaa kwenye joto hilo, itadumu saa hizo. Ukiishusha nyuzi 10, umri wake unakuwa maradufu. Ukishusha 10 nyingine, maradufu tena. Kwa hiyo kwenye nyuzi 65 ina saa 32,000, ambazo kwa steshenari inayofungua saa 10 kwa siku ni karibu miaka tisa. Kwenye nyuzi 85 zinabaki saa 8,000, siku 800 tu. Tofauti kati ya miaka tisa na miwili na kitu inaletwa na vumbi. Feni inavuta vumbi la barabarani na unyuzi wa mapazia, mafuta yake yanakauka, inaanza kulia asubuhi na kunyamaza ikipata moto, na siku moja inanyamaza moja kwa moja. Tulipomfungua marehemu tulikuta kapasita mbili zimevimba kichwani, pale palipochorwa msalaba pamepasuka, ute wa kahawia umegandia pembeni. Alikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Hakupiga chafya hata mara moja.

Ya pili ni ukarimu. Kila kiumbe alikaribishwa. Chini ya bodi alikutwa mjusi mkavu, mkono mmoja kwenye upande wa volti nyingi, mkia kwenye upande mwingine. Alifuata joto, akapata zaidi ya alilolifuata.

Ya tatu ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti. Mlangoni mwake palikuwa na kidude cheusi cha mviringo, themista, ambacho kikiwa baridi huubana umeme usiingie kwa kishindo, na kikishapata moto huuachia upite. Utaratibu mzuri, kwa nchi ambayo umeme ukiondoka unakaa huko huko kwa muda wa heshima. Wetu unaondoka, unarudi baada ya sekunde mbili, unaondoka tena. Themista bado ya moto, mlango uko wazi, kapasita kubwa imeshakuwa tupu na ina njaa. Kishindo chote kikaingia. Jirani aliyechomoa plagi na kusubiri dakika chache alionekana mwoga. Mashine yake bado inafanya kazi, na hakuna anayemsifu.

Kaka yake marehemu, aliyekuja kwenye kontena la mitumba kutoka Marekani, alikwenda haraka zaidi. Swichi yake nyekundu mgongoni ilikuwa kwenye 115. Mlio mmoja, moshi, basi.

Nisisahau salamu zake. Kwa kuwa nyumba haikuwa na waya wa ardhi, kapasita zake ndogo za mlangoni zilikuwa zinapitisha umeme kidogo hadi kwenye bati la boksi, na kila aliyeligusa akiwa pekupeku alisalimiwa mkono hadi kwenye kiwiko. Wageni waliruka. Sisi wenyeji tuliitikia.

Kuna watu hapa wananong'ona kwamba amekufa mapema, eti boksi liliandika saa 100,000, na hizo ni zaidi ya miaka 11. Ndugu zangu, namba hiyo haikuwa ya kwake peke yake. Ni wastani wa ukoo mzima katika umri wa utu uzima, mara nyingi ukihesabiwa kwenye chumba cha nyuzi 25. Maana yake ni kwamba mashine 100 zikiwashwa mchana na usiku kwa mwaka, tegemea kuzika nane au tisa. Vichanga wenye kasoro za kiwandani hufa zaidi ya hapo, na wazee waliokauka kapasita pia. Na chumba chenye nyuzi 25, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, nani anacho?

Wenzake wa ukoo bora, volti za kutoka zikipanda kupita kiasi, hujizima wenyewe na kuwaacha wengine salama. Marehemu hakuwa na ubinafsi huo wa kusafiri peke yake. Ameondoka na mazabodi.

Ameacha feni moja, iliyokwisha kutiwa tone la mafuta ya cherehani na sasa inampepea fundi kwa betri ya pikipiki. Ameacha waya nyingi za rangi. Ndugu wa karibu wanaombwa wasimguse tumboni kwanza, kwani kapasita kubwa huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, naye hajamaliza kusalimia.

Mrithi anatafutwa leo hii. Fundi ameleta wawili mezani: mmoja mzito, koili zote zimo, bei yake imemfanya mwenye mashine akohoe, wa pili mwepesi, kaandikwa wati 600. Mwenye mashine amempima kila mmoja mkononi, akasema huyu wa 600 ndiye mwenye nguvu zaidi, na ameomba apunguziwe elfu tano.