Kura Iko Wundanyi, Mtaro Uko Voi

Siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, stendi ya Voi hujaa watu ambao mwaka mzima hujiita wenyeji wa Voi. Fundi wa pikipiki wa Sofia anatafuta gari la Wundanyi. Mama wa duka la nguo kule Mwakingali anagombania kiti cha gari la Taveta, kuku wake ameshamfunga miguu, maana hawezi kwenda kwao mikono mitupu. Kondakta naye amepandisha nauli na anaapa kuwa ni mafuta.

Kisheria, hakuna aliyekosea. Mkenya hujiandikisha katika kituo kimoja tu, na siku ya kura atapigia hapo hapo. Tatizo ni hesabu. Mtu anayeishi wadi ya Kaloleni lakini kura yake iko Werugha anamchagua mwakilishi wa wadi atakayemtengenezea barabara anayoipita Krismasi. Mtaro unaofurika mbele ya mlango wake, taa ya mtaani iliyozimika, soko anakouzia nyanya, hayo yote yanaamuliwa na majirani zake. Yeye kabakiwa na kulalamika, na kwa kulalamika ni hodari.

Taita Taveta ina wadi 20 katika maeneobunge manne: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Voi peke yake ina sita, nazo ni Mbololo, Sagalla, Kaloleni, Marungu, Kasigau na Ngolia. Wadi ni mahali padogo. Mgombea anajulikana, mamake anajulikana, na deni lake la dukani linajulikana zaidi. Kwa hiyo kila kura hutafutwa kwa tochi, na aliyehamia mjini hupigiwa simu akumbushwe kwamba ana kwao. Wapo hata wanaojitolea gari la kumchukua. Mwenye gari hilo huwa hakuonekana kwenye matanga yoyote miaka minne iliyopita.

Kuhamisha kura si kazi ngumu. Mtu huenda mwenyewe, na kitambulisho chake halisi, hadi ofisi ya Tume ya Uchaguzi, IEBC, ya eneobunge analotaka kuhamia. Anajaza fomu, basi. Kinachowazuia wengi si fomu. Ukihamisha kura, habari itafika kijijini kabla yako, na mzee mmoja atauliza kwa upole kama na kaburi utalihamisha.

Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza ana vituko vyake. Tume ilikaa bila mwenyekiti wala makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na usajili wa kila siku ukaanza tena tarehe 29 Septemba 2025 katika ofisi za maeneobunge, kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Ofisi ya eneobunge maana yake, kwa kijana wa Bungule kule Kasigau, ni safari ya kwenda Voi na kurudi. Basi mchukulie kijana huyo amedamka, amebanwa kwenye gari hadi magoti yakafa ganzi, amefika dirishani akitoa tabasamu, na mkononi ana karatasi ile ya kusubiria kitambulisho. Karani anamrudishia. Anatoa picha ya kitambulisho cha kakake kwenye simu, akieleza kuwa wanafanana. Kinachokubaliwa ni kitambulisho chenyewe, au pasipoti ambayo haijaisha muda, na umri wa miaka 18 kwenda juu. Nakala iliyopigwa lamineti, hata ing'ae vipi, haimo.

Akifaulu, huchukuliwa alama za vidole na picha. Kuhusu picha hiyo tusiseme mengi. Kisha hupewa kijikaratasi cha kuonyesha ameandikishwa, ambacho wengi hukihifadhi ndani ya Biblia au Msahafu kama hati ya shamba, halafu siku ya kura wanakileta hicho na kuacha kitambulisho nyumbani. Ni kinyume chake. Unakwenda na hati ile ile uliyojiandikishia; kama ilikuwa pasipoti, basi ni pasipoti. Na kuna wazee ambao bado wanazo zile kadi za kura za zamani, wamezitunza vizuri sana, na huzitoa kwa fahari mbele ya karani aliyezaliwa baada ya kadi hizo kutolewa.

Siku yenyewe ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo wenye bidii hutoka saa kumi alfajiri. Kule Sagalla na Ngolia saa hizo njia ni ya ndovu. Sagalla ni mahali ambapo wakulima huzungushia mashamba nyaya zenye mizinga ya nyuki ili ndovu waogope, na mpiga kura hana mzinga wa kubeba. Bidii ina mipaka. Jua likichomoza foleni bado itakuwepo.

Foleni nayo ni mtihani. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule yenye watu wengi hugawanywa madarasa, na majina hupangwa kwa alfabeti. Mpango huo ungefaa sana mahali pengine. Katika kaunti ambayo nusu ya majina unayosikia yanaanza na Mwa, kina Mwakio, Mwandoe, Mwambingu na binamu zao wote hujikuta wakibishana mlango upi ni wao, na kama karani ametumia jina la ubatizo au la babu. Aliyesimama saa nzima penye mlango wa M huambiwa yeye yumo kwenye J, kwa sababu ya John ambaye hata mkewe hamwiti hivyo.

Halafu kidole. Tangu 2017 mashine ya KIEMS humtambua mpiga kura kwa alama za vidole, na mashine hiyo haikuwahi kukata mkonge. Mikono iliyofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Mwatate, au iliyochimba vito karibu na Kasigau, imesuguliwa hadi ikawa laini pale inapotakiwa mistari. Karani anajaribu kidole gumba, cha shahada, cha kati. Anaomba mzee apanguse mkono. Mzee anapangusa kwa suruali yenye vumbi zaidi ya mkono. Vidole vyote vikigoma, kuna njia: nambari ya kitambulisho huandikwa kwenye mashine, taarifa zake zikipatikana hujazwa fomu 32A, naye hupiga kura. Asikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu ya vidole vya kazi.

Ndani hukabidhiwa karatasi sita. Mwaka 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, ya gavana buluu, ya seneta njano, ya mbunge kijani, ya mwakilishi wa wanawake zambarau, na ya wadi, ile inayogusa mtaro, kahawia hafifu. Kila moja na sanduku lenye kifuniko cha rangi yake. Anayeamini kwamba kutafuta alama ya chama kutamtosha akumbuke kuwa mwaka huo huo Andrew Mwadime alichaguliwa gavana wa Taita Taveta akiwa mgombea huru. Waliokwenda kutafuta mwavuli au chungwa ilibidi wasome nyuso.

Asiyeweza kusoma huruhusiwa msaidizi anayemwamini, na msaidizi huyo humsaidia mtu mmoja tu. Nyanya asiyesoma akija peke yake, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa wagombea, na hapo siri hutegemea sauti ya nyanya mwenyewe. Nyanya hutaja jina mara mbili, msimamizi asije akakosea, kisha huongeza sababu. Wakala mmoja huangalia dari. Nyanya amezoea mambo ya wazi: mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, watu walipanga mlolongo nyuma ya mgombea au picha yake, na kila mtu alijua shemeji yake kasimama wapi.

Saa kumi na moja jioni mlango hufungwa, lakini aliyekwisha kuingia foleni hupiga kura hata ikiwa usiku. Kwa hiyo dakika ile ya mwisho bodaboda huingia uwanjani kwa kasi, abiria anaruka, anajipachika nyuma ya mtu wa mwisho, na askari anasimama nyuma yake kuonyesha kuwa foleni imeishia hapo. Aliyekuwa kwenye foleni tangu saa tisa, akaenda kununua soda, anarudi na chupa mkononi na kumkuta askari mbele yake.