Jinsi ya Kumfanya Nyenje Awe Stelingi

Unataka kutengeneza filamu ya wadudu wa kisiwa cha mbali. Umefikiri vizuri. Simba na tembo wameshawahiwa na wenye lenzi ndefu, na mdudu hana mbuga ya kulipia kiingilio.

Kwanza tafuta kisiwa, kiwe mbali kiasi kwamba mtazamaji hawezi kwenda kukukagua. Hawaii inafaa: volkano tupu katikati ya bahari, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka bara lolote. Chukua Kauai. Rusha droni alfajiri juu ya majabali, tia vinanda, kisha msimulizi mwenye sauti ya babu atamke kwamba hapa wakati umesimama. Wakati haujasimama, na ndiyo sababu umefunga safari, lakini mzee hakatizwi. Kauai ina watu zaidi ya 70,000, pamoja na barabara zao na viwanja vyao vya gofu. Hao wote wabaki nyuma ya kamera.

Ugumu ni kwamba stelingi wako hakai kwenye yale majabali. Nyenje huyu, ambaye wataalamu humwita Teleogryllus oceanicus, anapenda nyasi zilizofyekwa karibu na makazi ya watu. Lala kifudifudi, weka lenzi usawa wa udongo, na bustani ya mtu itageuka msitu wa kale.

Sasa mwoneshe kwa karibu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Bawa moja la dume lina mshipa wenye meno madogo kama ya kitana. Bawa la pili lina ukingo mgumu wa kuyakwaruza. Akiyasugua mabawa hayo usiku, wimbo unatoka na majike wanakuja. Kwa bahati mbaya anakuja na mwingine: nzi aitwaye Ormia ochracea, mzaliwa wa Amerika Kaskazini, ambaye hufuata wimbo gizani mpaka kwa mwimbaji. Nzi jike humdondoshea mabuu hai. Mabuu hujipenyeza mwilini, hula wakiwa humo ndani, na baada ya wiki moja hivi hutoboa na kutoka. Nyenje hufa. Una mapenzi, una adui, una mauaji. Banda la video lolote lingejaa.

Ila sheria ya banda la video unaijua: stelingi hafi. Hapa ndipo filamu itakapokutoa jasho, kwa sababu kwenye mageuko ya viumbe stelingi hufa mapema, tena kwa sababu ya kile kile kilichomfanya awe stelingi.

Mwanabiolojia Marlene Zuk alianza kuwafuatilia nyenje wa Hawaii mapema miaka ya 1990. Kauai wimbo ulizidi kupungua, hadi mwaka 2001 akasikia dume mmoja tu. Mwaka 2003 alirudi akidhani wamekwisha, akawasha taa ya kichwani, akawakuta wamejaa tele kwenye nyasi, na hakuna sauti. Zaidi ya asilimia 90 ya madume walikuwa na mabawa bapa, yasiyo na vifaa vya kuimbia. Chanzo kilikuwa badiliko la jeni moja, na lilikuwa limeenea katika vizazi visivyofika 20.

Mpe msimulizi sentensi ya kishujaa: “Nyenje akajifunza kunyamaza.” Itapendwa. Kweli yenyewe haina mvuto wa namna hiyo: hakuna nyenje aliyejifunza kitu. Wachache walizaliwa na kasoro ya mabawa, waimbaji wakaliwa, wenye kasoro wakabaki kuzaa. Ukisema hivyo mtazamaji atauliza shujaa ni nani, na meneja wa kituo cha televisheni atauliza kwa nini umemlipa babu. Bora kitenzi: akaamua, akabuni, akagundua.

Na hao mabubu wanaoaje? Dume asiye na sauti huenda kukaa karibu na mmoja wa waimbaji wachache waliosalia. Jike akifuata wimbo, anamkuta yeye njiani. Kipande hiki kikate. Saa hizo watoto hawajalala.

Ukitaka heshima ya kisomi, mtaje Darwin. Mwaka 1859 aliandika kwamba kati ya aina 550 hivi za mbawakawa waliojulikana kisiwani Madeira, 200 hawawezi kuruka, na akawaza kwamba wale warukaji hodari walipeperushwa baharini. Lakini mtaje haraka haraka, maana mdudu asiyeruka humpa mpiga picha kazi nyepesi na mtazamaji usingizi.

Katika uhariri usiwe na haya. Yule mtoto wa iguana wa baharini aliyewaponyoka nyoka huko Fernandina, visiwa vya Galápagos, katika mfululizo wa filamu *Planet Earth II* wa mwaka 2016, alitutoa machozi ya furaha. Baadaye mtayarishaji alieleza kwamba mbio zile ziliunganishwa kwa picha za iguana zaidi ya mmoja. Nyenje wako nao wanafanana. Kumi wanatosha kumpata mmoja asiyekufa.

Imebaki sauti. Hatua za dubu kwenye theluji zimewahi kutengenezwa studio kwa unga wa kastadi, na hakuna aliyelalamika. Fundi wako atakuuliza: huyu mdudu mbona analeta mabawa mbele na nyuma na hasikiki? Kwa kweli ndivyo afanyavyo. Mabawa bapa bado huchezeshwa kwa mtindo wa kuimba, sauti tu ndiyo haipo. Kabla hujageuka, fundi atakuwa ameshamwekea wimbo mzuri sana, na filamu nzima juu ya nyenje aliyenyamaza itakuwa na nyenje anayeimba.

Ikiuzwa, omba fedha za sehemu ya pili, uende kisiwa cha Oahu. Huko nako baadhi ya madume wamekuwa bubu kwa mabawa bapa, ila umbo la bawa ni jingine na badiliko la jeni ni jingine, lilizuka peke yake. Meneja atakwambia hiyo mmeshaionesha. Mwambie hapana, huyu ni stelingi mwingine.