Soli ya Kushoto

Viatu vile nilivinunua kwenye mitumba, Ngamiani. Vya ngozi, vizito, vyenye kamba nyekundu na soli iliyochongwa kama tairi la trekta. Muuzaji aliapa kwamba mzungu aliyekuwa navyo alivipandia Kilimanjaro. Sikumuuliza imekuwaje viatu vilivyofika kileleni vikaishia Tanga kwenye turubai, kati ya sidiria na mapazia. Mtu akishapenda kitu cha mtumba haulizi sana. Anapunguziwa elfu mbili, anajiona mshindi, anakwenda zake.

Chanzo chote kilikuwa daktari. Alinipima presha, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akairudia mashine kama vile mmoja wetu anamdanganya. Kisha akasema, "Uwe unatembea, mzee." Nina miaka 46. Presha ningeivumilia, neno "mzee" ndilo lililonipeleka msituni.

Na msitu tunao. Mke wangu ni Msambaa wa Amani, kule juu ya Muheza ukishayapita machungwa, na mdogo wake wa kiume anaongoza wageni kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ndiyo hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, ilianzishwa 1997, zaidi ya hekta 8,000 za miti na ukungu. Sasa kazi hiyo ya kuongoza wageni watu wamekichukua Kiingereza chake wakakipa irabu ya mwisho, na mwenye kuifanya akawa "gaidi". Wenyewe wameshazoea, hakuna anayeshtuka. Nilipofika Sigi, pale kwenye jengo la zamani la stesheni ya reli ya Wajerumani, nikampigia mke wangu: "Nimeshafika, naingia msituni na gaidi." Mtandao ukakata hapo hapo.

Mke wangu alielewa. Mama yangu, aliyekuwa amekaa karibu na ile simu, hakuelewa. Jioni nilipopata mtandao nilikuta nimepigiwa mara 31, na ujumbe wa mjomba wa Pongwe ukiuliza wanataka shilingi ngapi.

Ilikuwa Mei, masika yamekolea. Njia inapanda kutoka Sigi kwenda Amani katikati ya miti ambayo ukitaka kuona mwisho wake lazima ushike kofia. Mara unasikia juu kitu kinavuma, vuu, vuu, vuu, kama mama lishe anayepepea mkaa mbichi. Ni hondohondo anapita. Shemeji alinieleza mengi njiani: bustani ya mimea ya Wajerumani ya 1902, mti wa musizi walioleta wenyewe kutoka mbali na sasa umejitwalia msitu, kwa kuwa hondohondo hula tunda lake na kwenda kuitema mbegu popote anapojisikia. Mimi nilikuwa naitikia "enhe" huku nahema. Akili yangu yote ilikuwa miguuni. Viatu vyangu vilikuwa vinang'aa, na mbele yetu kulikuwa na tope.

Shemeji alikuwa amevaa buti za mpira za bei chee. Akifika kwenye dimbwi anapita katikati, chwa, chwa, huyo. Mimi nalizunguka. Nashika mti, nakanyaga ukingo, majani yanalala, udongo unamomonyoka kidogo, natokea upande wa pili msafi. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilijiona mjanja kuliko yeye.

Tukafika kwenye kona moja kali. Njia inakwenda kulia mbali, inageuka, inarudi kushoto. Nikainua macho nikaiona ile inayorudi: iko hapo juu yetu, hatua kumi tu. Nikashika mzizi, nikaanza kupanda moja kwa moja.

"Shemeji, njia ni hii," akasema.

"Huku karibu."

"Sawa, shemeji."

Zipo sawa za namna nyingi. Ile ilikuwa sawa ya mtu anayejua kwamba mahari ilishaliwa zamani na hairudishiki.

Nilipanda kwa magoti na viwiko, nikiteremsha udongo nyuma yangu kama kuku anayetafuta minyoo. Nilipokaribia juu nikasikia mguu wa kushoto umekuwa mwepesi ghafla. Kumbe gundi ya viatu vya namna ile huzeeka hata vikikaa kabatini. Unavinunua vizima, vinaonja maji mara moja, vinakumbuka umri wao. Kiatu kilikuwa kimefungua mdomo mpaka kisigino. Nikapiga hatua mbili, kikasema pla, pla. Ya tatu kikanyamaza, maana soli ilikuwa imebaki kwenye tope na mimi nasonga mbele na ngozi ya juu na soksi.

Nikakaa kwenye jiwe lenye kivuli kufikiri. "Shemeji," akaniambia kwa upole uleule, "umekalia maua." Ni yale madogo ya zambarau ambayo ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona huku Usambara mwaka 1892, mbegu zikapelekwa kwao, na leo yanapandwa vyunguni katika madirisha ya Ulaya. Wenzetu huko wanayanunua na kuyabembeleza. Mimi nimeyakalia na presha yangu yote.

Soli tuliitafuta, hatukuiona. Shemeji akatoa kamba ya katani mkobani akanifunga kiatu cha kulia kabla nacho hakijafuata, akakiviringisha cha kushoto chote. Nikaingia kwa wakwe miguu imefungwa kama marobota mawili yanayosubiri meli.

Agosti shemeji akanipigia simu. Kijiji na watu wa hifadhi wanafanya msaragambo wa kutengeneza njia, kila nyumba itoe mtu, na baba mkwe magoti hayamruhusu. Kwa wakwe hakuna mzee, hata daktari aseme nini. Nikanunua buti za mpira, nikanunua na panga jipya, nikaenda.

Mkubwa wa kazi alikuwa babu mmoja mwembamba aliyewahi kuwa kibarua wa barabara ujanani. Alilitazama panga langu, akalishika makali, akalisifu, akaliweka chini ya mti na kunipa chepe. Nilidhani kutengeneza njia ni kufyeka. Babu akasema majani ya pembeni yaachwe, ndiyo yanayoushika udongo. Kinachoua njia ni maji, na maji yanafuata miguu ya watu. Yeye mvua kubwa ikinyesha huvaa nailoni kichwani akaja kutembea njia nzima, ayaone maji yanapita wapi. Wengine humo wanamwona amechanganyikiwa. Mimi, baada ya siku ile, naona ndiye mtu pekee aliyewahi kunieleza barabara ya mtaani kwetu kwa nini inakufa kila mwaka.

Tukafundishwa kuweka magogo. Unachukua la mti ulioanguka wenyewe, maana mti uliosimama mle haukatwi. Unachimba mfereji unaoikata njia mshazari. Ukiuchimba ukanyooka, maji yanajaa nyuma ya gogo kisha yanaliruka. Gogo unalifukia theluthi mbili, kichwa chake cha chini kitokeze nje ya njia, vigingi, mawe, udongo unaushindilia upande wa juu kwa miguu. Maji yakija yanakuta bega, yanaelekezwa pembeni kwenye majani, yanatulia. Nilichimba mmoja, mgongo ukanieleza mambo ambayo haujawahi kunieleza. Babu akaja, akaweka kijiti, akaukagua, akasema, "Hapa maji yatarudi kukuuliza." Nikachimba upya.

Saa nne tukafika kwenye kona.

Sikuitambua mara moja. Pale nilipopanda kwa magoti palikuwa na korongo la kimo cha goti, mizizi iko nje kama mbavu. Babu akatukusanya na kutusomea ardhi kama shitaka. Mtu mmoja alikata kona. Wa pili akaona pamepitika, naye akapita. Wa tatu hakujua kabisa kama si njia. Masika yakaja nayo yakapenda mkato. "Na udongo wote huo," akasema, "uko Zigi sasa."

Maji ya bomba tunayokunywa Tanga mjini yanatoka mto Zigi. Nikalifikiria birika langu la nyumbani. Udongo niliokwangua kwa viwiko vyangu ulikuwa umeteremka milima, umenitangulia mjini, na mimi nikarudi kwa basi nikijua tumeachana.

Tulikuwa tunajaza mawe chini ya lile korongo, kijana mmoja akachomoa kitu topeni. "Babu, soli!"

Nyeusi, imechongwa kama tairi la trekta. Ya kushoto.

Babu akaifuta kwa kiganja, akaipima kwa mkono, akaikunja, akainusa kwa sababu nisizozijua. "Huyu mzungu," akahukumu. "Soli kama hii hatuuziwi sisi. Mzito huyu. Na anaogopa tope." Wote wakatikisa vichwa. Shemeji akapatwa na kikohozi cha ghafla akageukia bondeni. Kwa haki, babu hakukosea sana, kwani mwenye viatu wa kwanza alikuwa mzungu kweli, kwa kiapo cha muuzaji.

Nikarudi nyuma hatua mbili nipotee kidogo machoni pa watu. Nikapotelea kwenye msafara wa siafu.

Siafu hang'ati akifika. Anapanda kwanza, kimya, anawasubiri wenzake, wakishajipanga ndipo wanaanza pamoja kama waliopulizwa filimbi. Wa kwanza alinikamata nyuma ya goti. Nikainama niikunje suruali, na hapo ndipo nilipoona kitambaa cha kichwa kinachomoza konani na ndoo ya makande juu yake. Mama mkwe.

Mtu anayeliwa na siafu anayo dawa moja tu duniani, kuivua suruali. Na mbele ya mama mkwe hata kujikuna paja ni mashaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akaitua ndoo. Mama mkwe wangu ni mtu wa salamu. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo." Walikuwa kwenye paja.

"Watoto?"

"Wazima, mama."

"Yule wa katikati, kile kifua?"

"Kimeponaaa."

"Mama yako hajambo? Maana tulisikia mlipata msukosuko mwezi wa tano, mambo ya magaidi."

Mmoja alikuwa amefika mahali ambapo gazeti halipataji. Macho yalinijaa maji. Nikasema mama hajambo, baba hajambo, mjomba wa Pongwe hajambo, nikamaliza ukoo mzima mwenyewe bila kuulizwa, nikaomba ruhusa nikasogee kule "kukagua mfereji." Nilitembea kwa heshima mpaka kwenye kona, nikashuka bonde kwa mbio, nikajikwaa kwenye gogo langu mwenyewe, nikaanguka kifudifudi upande ule ule ambao maji yanatakiwa kuangukia.

Suruali niliivulia kwenye mkangaga. Siafu ukimvuta, mwili unakuja, kichwa kinabaki kimeuma. Nilivihesabu vichwa mpaka 19 nikaacha. Juu kule nilimsikia babu anamwambia mtu, "Lile gogo la mkwe limeshika. Kajikwaa nalo na wala halikutikisika."

Usiku huo mama mkwe alimpigia mke wangu akamwambia nimekuwa na adabu sana siku hizi. Nilimsalimia, alisema, mpaka machozi yananilenga.

Korongo tuliliziba kwa mawe, matawi na miche ya pembeni. Babu akasimika nguzo mbili na gogo la kukingama, na juu ya nguzo moja akaipigilia ile soli kwa misumari minne, ili atakayetaka kukata kona aione. Sikusema neno. Nilimshikia misumari.

Nilirudi Januari, na watoto, shemeji akiwa mbele na kijana wake wa miaka kama kumi anayejifunza kazi. Pale konani majani yalikuwa yameanza kufunga. Kijana akasimama, akashika kiuno kama alivyomwona baba yake akifanya, akatuelezea kwamba hapa panaitwa Kwa Soli. Kulikuwa na mzungu mmoja mnene sana, aliogopa tope, akaiacha njia, siafu wakamla akabaki kiatu.

Wanangu wakaitazama soli kwa hofu. Nikamuuliza yule kijana huyo mzungu alikuwa wa wapi.

"Mjerumani," akajibu bila kusita.

"Anavaa namba 43," baba yake akaongeza, akapita katikati ya dimbwi.