Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: mnada wa maiti ni lini?

Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPANGIWA TAREHE YA MNADA WA MAITI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wafanyabiashara wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, tunaipongeza Wizara kwa agizo la kukataza hospitali kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Tumelisikia kwa waziri zaidi ya mmoja, kila mara likiwa jipya. Agizo linalotekelezwa husemwa mara moja likaisha. Hili lenu lina afya kuliko wagonjwa.

Mtaani, hata hivyo, turubai linafungwa, udi unafukizwa, na marehemu hajafika. Mwanawe yuko dirisha la malipo, simu sikioni, anawapigia wajomba mmoja mmoja.

Tusieleweke vibaya. Dhamana tunaijua. Kontena likikwama bandarini, tozo ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku, na usipolikomboa, TRA wanatangaza mnada. Ni kanuni chungu lakini ina mwisho: mali inauzwa, mdai anapata chake. Hospitali zimechukua nusu ya kwanza tu ya kanuni hiyo. Jokofu lina bei ya siku, kwa hiyo deni la leo si la jana; mnada hamna. Tunaomba mkamilishe. Tangazeni gazetini: maiti moja, ya mama wa miaka 63, inauzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Tuone nani atapandisha bei.

Hatapandisha mtu. Na hapo ndipo tunapousifu ujanja wenu, maana kilichowekwa rehani si mwili. Mwili hauna mnunuzi. Imewekwa aibu ya waliobaki, na aibu haina bei moja. Muislamu wa Gerezani anatakiwa kuzikwa leo leo. Kila swala inayopita, ndugu zake wanazidi kuhaha, na anayehaha hulipa upesi. Mkristo wa kusafirishwa Moshi ana siku kadhaa za vikao vya michango. Mhasibu makini angeshapanga viwango vya tozo kwa dini. (Msimwoneshe barua hii.)

Mombasa walishaiharibu biashara hii kitambo. Mwaka 1998 Mahakama Kuu, katika shauri dhidi ya Pandya Memorial Hospital, ilisema maiti si mali na haiwezi kushikwa kuwa dhamana ya deni. Mwenye kudai adai kama wadai wengine. Hospitali za Kenya nazo zimeendelea kuzuia, kwa hiyo msiwe na wasiwasi, hatuko peke yetu.

Njia ya kukwepa tumeigundua: kufa kwa kundi. Ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo Novemba 16, 2024, Serikali ilitangaza kugharamia matibabu ya majeruhi na mazishi ya waliofariki. Ilikuwa heshima, na hatuifanyii mzaha. Tumejifunza tu kwamba anayetaka kuzikwa bila deni asife kwa figo, usiku, peke yake. Afe mchana, chini ya zege, waandishi wa habari wakiwepo.

Mhasibu wa hospitali hatumwoni kuwa na roho mbaya. Tangu uchangiaji wa gharama uanze mwaka 1993, sehemu ya glavu, dawa na umeme wa jokofu lenyewe inategemea dirisha lile. Asubuhi anaambiwa asizuie maiti, jioni anaulizwa makusanyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na wapo wa mtaani kwetu waliotangulia mbele ya haki wakiisubiri. Katikati ya hayo, mhasibu kagundua jambo moja la kweli: mdaiwa aliye hai anaweza kutoroka, aliyekufa hatoroki.

Ikiwa mnada hauwezekani, tunaleta ombi mbadala. Tozo ibaki, ila igeuzwe. Kila siku mwili unapolala jokofuni kinyume cha agizo lenu, gharama ya siku hiyo ilipwe na hospitali kwa wafiwa, kwa namba ya malipo, kabla ya saa kumi jioni. Hospitali ikichelewa, ndugu wa marehemu waruhusiwe kushikilia kitu chochote cha hospitali chenye thamani, mpaka ikamilishe. Tunapendekeza gari la Mganga Mfawidhi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wafanyabiashara,
Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.

Nakala: Mhasibu, hospitali yoyote itakayojitambua.