Bingwa wa Kutotishika

Kuna bwana mmoja ambaye filamu ya kutisha haijawahi kumtisha. Muuaji akichungulia dirishani, yeye anacheka: “Plastiki hiyo!” Hewala, bingwa. Kinyago cha muuaji wa Halloween ya 1978 kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe. Damu ya bafuni katika Psycho ya 1960 ilikuwa shira ya chokoleti. Papa wa Jaws alikuwa mtambo uliogoma kila ulipoonja maji ya chumvi; ndiyo maana mwongozaji Spielberg akamficha, nasi tukaogopa maji matupu. Na lile dude la Alien, 1979? Ndani yake alikuwamo Mnigeria mrefu mwembamba, Bolaji Badejo, mwanafunzi aliyeonekana kwenye baa huko London.

Hizo ni za kizamani, anasema. Yeye anasifu za siku hizi, zenye mazimwi ya kompyuta tangu dakika ya kwanza, ambazo (nimemwona) huzitazama huku anachati. Ila umeme ukikatika usiku, huomba asindikizwe msalani.

Bwana mkubwa, tuache tuogope. Kiingilio tumelipa wenyewe.