Radi Haipigi Kompyuta

Sumbawanga, mwizi wa kuku hutazama mawingu kwanza. Sifa za radi za huko Ufipa, zisemwazo kuwapiga wezi, zinajulikana nchi nzima. Prodyuza wetu hana hofu hiyo. FL Studio yake, programu ya kutengenezea muziki, ni ya kukraki, vifurushi vya sauti kavidokoa mtandaoni, leseni hajaifungua. Lakini kila baada ya mistari minne anapachika jina la studio yake, asije akaibiwa! Kisha huyo, mbio hadi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili “mali yake”. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda hata ngoma za jadi; bado angeweza kupanda kijijini, akawaomba wazee ruhusa na kurekodi zao. Thubutu! Kwake kuomba ni aibu, kuiba ndiyo kipaji.