Mama Mshauri na Mlango wa Paka

Mpunga ukishavunwa Maniema, mashariki mwa Kongo, barua za mapenzi hupungua mezani kwa Mama Mshauri, za panya zikaongezeka. Sababu haihitaji mganga. Mchele wa mkoa huu hufika Kindu ukasubiri: usubiri gari moshi la shirika la reli, SNCC, la kuelekea kusini, au chombo cha kushuka Lualaba hadi Ubundu, na vyote viwili huondoka vinapopenda. Panya wa kwenye depo hawana safari. Wenye mali wamewakumbuka paka, nao paka wameleta shida mpya: nani atakayeamka saa tisa ya usiku kuwafungulia mlango? Ndiyo maana safari hii barua karibu zote zinauliza habari ya tundu la paka.

Ya kwanza imetoka kwa mama mmoja wa Kasuku, hapa Kindu, muuza mchele. Shemeji yake aliyeko Ubelgiji amemtumia zawadi: kilango cheupe cha plastiki chenye betri nne na kijitabu cha maelezo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa kimesahauliwa. Fundi amekipachika kwenye mlango wa depo. Paka anakuja, anakipiga kichwa, kilango hakifunguki. Panya, anaandika mama huyo kwa uchungu, wanatazama. Anauliza kama paka wake ni mjinga au amelogwa.

Paka ni mzima, Mama Mshauri anamjibu. Mwenye matatizo ni mlango. Vilango vya aina hiyo, vilivyoanza kuenea Uingereza karibu na mwaka 2008, husoma chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele ambayo daktari wa mifugo huiweka chini ya ngozi ya paka. Chipu ina namba ya tarakimu 15. Kilango kikiitambua namba kinafungua. Kisipoitambua, anayebisha ni mgeni hata kama ndiye mwenye nyumba. Paka wa Kasuku hajawahi kudungwa kitu maishani mwake isipokuwa mwiba wa samaki, kwa hiyo mbele ya mashine hiyo yeye na panya ni mamoja. Zawadi irudi kwenye katoni yake, shemeji apigiwe simu ya shukrani, na aitwe seremala.

Seremala naye apewe maagizo, kwa kuwa seremala asiyeagizwa hutoboa tundu la kupita mbwa. Apime paka kwanza, mlango baadaye. Paka mzima wa kawaida husimama kiasi cha sentimita 25 begani, lakini hapiti amesimama wima, huinama. Tundu la sentimita 15 kwa upana na 18 kwa urefu linamtosha, maana mtulinga wa paka haukuungana na mifupa mingine kama wa binadamu: kichwa kikipita, mabega hufuata. (Paka wa wauza samaki apimwe tumbo pia.) Ukingo wa chini wa tundu usikae sakafuni. Uachwe kama sentimita 10 au 12 juu yake, usawa wa tumbo la paka, ili maji ya mvua yasiingie depo kwa njia hiyohiyo.

Kisha kuna suala la kifuniko. Kibao chembamba kilichoning'inizwa kwa bawaba kinapendeza siku ya kwanza, mvua ya Kindu ikija kinavimba na kukwama. Ukiacha nafasi pembeni ili kisikwame, kipanya kidogo hupita kwenye upenyo wa milimita 6. Heri mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliopasuliwa na kupigiliwa misumari upande wa juu tu, vipande viwili vikilaliana. Mpira hauvimbi, haupigi kelele, na ukichakaa, waziba pancha wa Kindu hawakosi mwingine. Mlango ukiwa wa bati au chuma, kingo za tundu zikunjwe au zivalishwe mpira huohuo. Chuma kilichokatwa hakijui kutofautisha paka na mkono wa mtoto.

Na mkono ndio jambo la kuangaliwa kuliko yote. Tundu la paka lililo karibu na komeo ni ufunguo uliomwachia mwizi. Mtu mzima akilala kifudifudi na kuingiza mkono, anafika mbali kuliko unavyodhani. Tundu likae upande wa bawaba, chini kabisa, na komeo likae juu upande wa pili. Kisha mwenye depo alale chini mwenyewe na kujaribu kujiibia. Akishindwa, kazi imekwisha. Akiweza, amlipe seremala nusu.

Paka asisukumwe kichwa kumfundisha. Kifuniko kifungwe juu kwa uzi siku tatu nne, ndagala wawe ng'ambo ya pili, kisha kishushwe kidogo kidogo. Anayetaka kumfundisha kwa fimbo atakuwa na mlango mzuri na paka wa jirani.

Muuza mchele huyo anaongeza, mwishoni mwa barua, kwamba mume wake anaona aibu kutoboa mlango mzima kwa ajili ya mnyama. Bwana huyo na aelezwe habari za kanisa kuu la Exeter, huko Uingereza. Mwaka 1598 askofu wake, William Cotton, aliwalipa maseremala wakate tundu katika mlango wa chumba kilicho chini ya saa kubwa ya kanisa, ili paka wa askofu awafuate panya waliokuwa wakipanda kwenye mitambo. Inasemekana kamba za saa zilikuwa zimepakwa mafuta ya wanyama, na panya wakaona wameandaliwa meza. Tundu lipo hadi leo, la duara, chini ya mlango wa mbao, na watalii wanalipiga picha. Kama mlango wa kanisa kuu ulitobolewa bila heshima ya askofu kupungua, mlango wa depo ya mchele utastahimili. Bwana huyo akidai kwamba mlango wa paka ulibuniwa na Isaac Newton, jinsi wasomi wengi wa vijiweni wanavyopenda kusimulia, aambiwe kwamba Newton alizaliwa mwishoni mwa 1642. Tundu la Exeter lilikuwa na miaka 44.

Barua ya pili ni ya mpangaji wa Mikelenge. Anauliza kama anaweza kutoboa mlango wa nyumba aliyopanga, na kama mwenye nyumba akikasirika ataila garanti yote, ile amana aliyowekewa.

Hapa Mama Mshauri anavaa miwani. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba za kuishi nchini, imeweka kwamba garanti isizidi kodi ya miezi 3. Ni habari njema kwa wapangaji wengi ambao hawajawahi kuambiwa na mtu. Lakini sheria hiyo haikumpa mpangaji ruhusa ya kukata milango ya watu, na mwenye nyumba aliyekuta tundu atahesabu tundu, nyasi, na rangi iliyobanduka tangu enzi za Zaire. Mpangaji afanye hivi: mlango wa mwenye nyumba ung'olewe wote kwenye bawaba zake, ufungwe gunia, uwekwe mahali pakavu. Mahali pake pawekwe mlango wa mbao za bei nafuu, huo atoboe apendavyo. Siku ya kuhama, milango ibadilishane. Na kabla ya kung'oa chochote, mwenye nyumba aelezwe, tena kwa maandishi.

Mzee mmoja wa mjini ana mbuzi aliyejifunza kupita kwenye tundu la paka kwa kulipanua kwa pembe. Anauliza afanyeje. Auze mbuzi.

Barua ya nne ni ya ugomvi, na Mama Mshauri anapenda barua za ugomvi. Kijana wa depo, hataki kutaja mtaa, anabishana na tajiri wake. Tajiri anasema ukimfungulia paka njia, panya wamekwisha. Kijana anasema paka wa depo yao anakula dona la wafanyakazi, analala juu ya magunia kutwa, na usiku anatoka kutafuta mchumba. Nani ana haki?

Wote wawili, na kuna watu waliokwenda mbali kulithibitisha. Mwaka 2018 Michael Parsons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Fordham walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika kituo cha kusindika taka huko Brooklyn, New York, penye panya wengi na paka wasio na wenyewe. Waliweka kamera kwa siku 79. Katika siku zote hizo paka waliwanyemelea panya mara 20, wakajaribu kuua mara 3, wakaua 2. Panya wawili, siku 79! Kijana wa depo anaruhusiwa kuibandika habari hiyo ukutani.

Asiibandike juu sana. Panya wa New York ni wa ile aina kubwa ya kahawia, wazito, wenye meno ya kujibu, na paka mwenye akili huwaacha wapite. Depo zetu za huku zinasumbuliwa zaidi na panya mweusi, ambaye ni mdogo zaidi, na vipanya vya nyumbani ambavyo paka huviona kama chakula hasa. Panya buku wa msituni, anayeweza kuzidi kilo moja, paka asitumwe kwake. Huko Morogoro shirika la APOPO linawafundisha kunusa mabomu ya ardhini, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Mtu mwenye medali hakamatwi na paka wa Kasuku.

Jibu lenye manufaa kwa tajiri linatoka karibu zaidi, Eswatini. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walikwenda kwenye maboma ya vijijini wakapima panya wanakula kiasi gani kabla ya kukata tamaa na kuondoka. Kwenye maboma yenye paka peke yake, au mbwa peke yake, hakukuwa na tofauti ya maana. Penye paka na mbwa pamoja, panya walipunguza kula. Hawakuwa wameuawa wote. Walikuwa na hofu, na panya mwenye hofu hashibi. Kwa hiyo tajiri ambaye ametumia fedha kutoboa mlango asitegemee tundu lenyewe. Mbwa afungwe nje ya depo, paka apite ndani kwa tundu lake, na magunia yapandishwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, ili paka aweze kuzunguka nyuma yake. Depo iliyojazwa magunia hadi ukutani, hata ikiwa na milango kumi ya paka, imewajengea panya hoteli.

Mwalimu wa madrasa anaandika kwa adabu nyingi. Tangu paka wa nyumba apewe tundu lake, anaingia alfajiri na kunywa maji ya kutawadhia kwenye ndoo. Je, maji hayo yamenajisika, na tundu lizibwe?

Mama Mshauri si sheikh, na katika mkoa wenye Kasongo na Nyangwe masheikh hawakosekani. Mwalimu amwulize wake. Anamkumbusha tu hadithi ambayo bila shaka mwalimu anaijua kuliko yeye: sahaba Abu Qatada aliinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, na mkwewe alipomshangaa akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaozunguka ndani ya nyumba za watu. Ndoo ifunikwe ikiwa inamkera. Tundu libaki, hasa kwa kuwa ipo na ile hadithi nyingine, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka asimlishe wala asimwachie ajitafutie.

Barua ya mwisho inatoka ng'ambo ya mto, Alunguli, na haina mzaha. Baba wa watoto wanne alikata tundu kwenye mlango wa jikoni. Paka wake analitumia, lakini na paka wengine wawili asiowajua wamelizoea, na juma lililopita mmoja wao alimng'ata mtoto aliyekuwa amelala. Majirani wanamwambia paka mgeni wa usiku ni mtu. Yeye anauliza kama azibe tundu au aite mchungaji aombee mlango.

Tundu huwa halichagui. Anayetosha anapita: paka wa jirani, kuku mwembamba, na nyoka ambaye hata hilo la sentimita 15 ni pana mno kwake. Kwa hiyo jikoni na vyumba vya kulala si mahali pa tundu. Lipelekwe kwenye stoo, na mlango wa kati ufungwe usiku. Linapobaki, liwe na kibao cha kulifungia kwa ndani baada ya paka wa nyumba kurudi. Habari za paka kuwa mtu Mama Mshauri anaziachia majirani wenye muda wa kuzizungumza.

Mtoto ndiye wa kushughulikiwa sasa hivi. Kichaa cha mbwa hushika na paka pia, na dalili zikishaonekana kwa mtu hakuna dawa inayomrudisha. Baba wa Alunguli avuke mto leo, asingoje kesho, ampeleke mtoto hospitali kuulizia chanjo, hata kama kidonda kimeshakauka. Na msomaji mwingine yeyote atakayeng'atwa au kukwaruzwa na paka asiyemjua aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kwa daktari siku hiyohiyo.